Ruhusa ya Kutoka Nyumbani

Ukifika Kwemsasa ukamuulizia Zakia binti Hashimu, utaulizwa kwanza ni Zakia yupi, wa filimbi? Sema ndiye huyo huyo. Jina hilo nilimpa mimi kwa utani, likamganda, na sasa hata kadi za harusi zinaandikwa hivyo. Mimi ni Marta, jirani yake. Tulikaa dawati moja tangu darasa la kwanza, na katika umri wote huo sijamwona akienda mahali taratibu. Anatembea kama mtu aliyeacha maziwa jikoni.

Kwemsasa ni kitongoji kidogo cha mlimani, juu ya Malindi ya Lushoto, si ile ya pwani. Ili upate kiwanja cha kujenga, lazima uchonge mlima, kwa hiyo nyuma ya kila nyumba yetu kuna ukuta wa udongo, na juu ya ukuta huo kuna shamba la mtu mwingine. Karoti zangu ziko juu ya bati la jirani, kabichi za jirani ziko juu ya bati langu. Mgeni akishangaa tunamcheka. Mlima ndio uliotulea, na watoto wetu wamesomeshwa na viazi vyake.

Zakia aliacha kucheka mwaka ule udongo ulipoporomoka ukalifukia zizi la baba yake mdogo, mbuzi wote wakiwa ndani. Watu walikuja, wakampa pole mzee, wakasema ajali haina kinga, wakanywa chai, wakarudi mashambani. Zakia alirudi nyumbani amenuna.

"Kinga ipo," aliniambia. "Ukuta ule ulikuwa na ufa tangu mwezi wa pili. Wote tuliuona. Tulikuwa tunaruka juu yake tukienda kuchuma maharage."

Basi walipokuja watu wa kufundisha mambo ya maafa, wakataka kila kitongoji kitoe mtu mmoja wa kwenda Lushoto mjini kwenye mafunzo, sisi wengine tuliangalia chini kama wanafunzi wasiojua jibu. Zakia alisimama. Alirudi na kofia na filimbi nyekundu. Kofia akampa mumewe, filimbi akaivaa shingoni, na tangu siku hiyo hatukupata raha.

Alitufundisha kwa lazima. Chemchemi ikigeuka rangi, mlango uliokuwa ukifunga vizuri ukianza kukwama, mti uliosimama wima ukianza kuinama, usiseme ni shetani, ni udongo unatembea. Ukisikia filimbi ndefu zinazofuatana, acha jembe, acha chungu, panda shule ya msingi, maana shule iko kwenye tambarare ya juu, haina mlima nyuma yake. Alipanga nani ambebe bibi yupi, nani afungue ng'ombe wa nani. Alikwenda nyumba kwa nyumba, ya Mwislamu na ya Mkristo, na ukimwambia una kazi alikaa akakusubiri umalize.

Tulimcheka. Siku ya zoezi la kwanza mimi nilipanda shuleni na sufuria la maharage kichwani, kwa sababu yalikuwa yamekaribia kuiva, na nisingeyaacha kwa ajili ya maporomoko ya kuigiza. Watu walivunjika mbavu. Zakia hakucheka hata kidogo.

Lakini aliyetuaibisha siku ile ni mama yake, Bi Zainabu. Mama yule alikuwa mnene, na miguu ilikuwa ikimvimba, na bado tulipofika tulimkuta amekaa kwenye ngazi ya darasa la saba anajipepea kwa ncha ya kanga.

"Mlipitia wapi, wanangu?" alituuliza. "Mlima ungekuwa umeshafika, ukachemsha chai, ukanywa."

Zoezi la pili alikuwa wa kwanza tena. La tatu vilevile. Nilimuuliza siri yake, akasema hana siri, ila Zakia ni binti yake, na mtoto wako akipiga filimbi hungoji upigiwe mara ya pili. Nilimpenda mama yule. Mama yangu mzazi alikufa ningali msichana, na Bi Zainabu alinihesabu kuwa wake bila kuniuliza.

Mumewe, Mzee Hashimu, alikuwa mtu wa maneno machache na kikohozi kingi. Walibishana maisha yao yote juu ya vitu vidogo, chumvi, mlango, redio. Januari iliyofuata kifua kilimzidi, akafariki. Tulizika. Baada ya hitima, Maalim Abubakari, imamu wetu, alikaa barazani akamweleza mjane eda yake kupitia pazia la mlango: miezi minne na siku kumi, asijipambe, asijitie manukato, asiolewe, akae katika nyumba aliyofia mumewe, asitoke. Alisema kwa upole na Bi Zainabu akaitikia kila neno. Maalim aliyataja yaliyokatazwa. Yaliyoruhusiwa hakuyataja, wala hakufanya hivyo kwa ubaya. Hakuna aliyemuuliza.

Mimi ni wa usharika wa Kilutheri, sisi tuna taratibu zetu za wajane. Ila nimekulia kati ya Waislamu, najua eda ni kitu ambacho hukigusi. Unamletea mjane mboga, unaketi naye, unaondoka.

Bi Zainabu aliishika eda ile kwa mikono miwili. Hakutoka hata kwenye kamba ya nguo. Maji aliletewa, kuni aliletewa, na akisikia sauti ya mwanamume barazani alihamia chumba cha ndani. Nilimwambia siku moja, kwa mdomo wangu huu usiotulia, kwamba Mzee Hashimu mwenyewe asingemdai kiasi hicho. Alitabasamu.

"Hashimu alinivumilia maisha mazima," alisema. "Mimi nishindwe kumvumilia miezi minne?"

Masika yalipoanza, Zakia alipita tena nyumba zote kurekebisha mipango yake. Aliyejifungua apewe mtu wa kumbebea mtoto. Mzee aliyevunjika nyonga atafutiwe vijana wenye mabega. Alikumbuka hata mbwa wa mwalimu mkuu. Kwa mama yake hakupanga chochote. Nani atampangia mtu anayewashinda wenzake wote kufika? Hakukaa akajiuliza, na mimi sikujiuliza, na Bi Zainabu mwenyewe hakusema. Alikuwa yuko pale ndani siku zote, tunapita tunamwamkia dirishani, shikamoo mama, marahaba mwanangu, tunakwenda kujadili mvua.

Na mvua ilikuwa ya kujadiliwa. Ilinyesha mpaka nguo zikaota ukungu sandukuni. Nguzo za umeme zilianguka huko chini njiani, simu zikazimika moja baada ya nyingine, tukawa watu wa kuitana kwa sauti kama zamani. Siku ile ya msiba kulipambazuka na manyunyu tu, tukasema afadhali, inakatika. Zakia alikwenda kwenye chemchemi na ndoo akarudi nayo tupu. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa. Alipanda mbio hadi shambani kwangu, mimi nyuma yake, na katikati ya karoti zangu palikuwa na ufa. Jana yake haukuwepo. Sasa mguu wangu ungeingia hadi kwenye goti.

Zakia aliweka filimbi mdomoni.

Nitamsifu mtu akistahili: watu wa Kwemsasa siku ile walifanya kama walivyofundishwa. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyebeba sufuria. Anord, mwenyekiti wetu wa kitongoji, alimweka mama yake mgongoni na kupanda naye akiwa peku. Maalim Abubakari alimwongoza kipofu wa nyumba ya mwisho kwa kumshika mkono, hatua kwa hatua, mpaka juu. Ng'ombe walifunguliwa. Asubuhi haijaisha, shule ilikuwa imejaa.

Zakia alifika wa mwisho, akaangalia ngazi ya darasa la saba. Haikuwa na mtu.

"Mama yuko wapi?"

Kila mmoja alidhani amekuja na mwingine. Zakia aligeuka akashuka, nami nikamfuata na goti langu bovu, nikishika migomba ili nisiteleze.

Tulimkuta amekaa kitandani, amevaa vizuri, tasbihi mkononi. Alikuwa ameisikia filimbi. Alikuwa analia.

"Mama, twende," Zakia alisema.

"Nina eda, mwanangu."

"Mama, mlima unakuja."

"Nimekusikia. Eda yangu imebakia wiki moja." Alimwangalia binti yake kama anayeomba radhi. "Nikitoka leo nimemvunjia baba yako yote niliyomfanyia. Nitamwambia nini nikikutana naye?"

Zakia alimshika mkono akamvuta. Bi Zainabu alikuwa mzito, na alishika ukingo wa kitanda, na binti yake akaachia. Kwa wanaosema alipaswa kumburuta, na wamesema sana, nawauliza: wewe umewahi kumburuta mama yako? Umeweka mkono kwapani mwa mwanamke aliyekuzaa, anakwambia acha, usiache? Mimi nasema ningemburuta. Nasema hivyo leo, nikiwa nimekaa pakavu. Siku ile nilisimama mlangoni na mikono yangu imelegea, maana ilikuwa dini ya watu.

"Mame," Zakia alisema, kwa Kishambaa, kama alivyomwita utotoni, "nifanye nini?"

Bi Zainabu alifuta macho. "Nenda kamuulize Maalim. Akisema naweza kutoka, nitatoka sasa hivi. Mimi si mkaidi, unanijua. Niletee ruhusa tu."

Ingekuwa siku ya simu, tungempigia Maalim hapo hapo. Zakia alitoka mbio kurudi shuleni. Niliketi karibu na Bi Zainabu nikamshika mkono. Paa lilikuwa likilia, mchanga ukianguka juu ya bati, kidogo kidogo. Alisikiliza, kisha akanigeukia.

"Marta, wewe huna eda. Nenda."

"Nitakaa na wewe, mama."

"Nenda ukamwambie Zakia asishuke kwa mbio tena. Njia ina matope, atavunjika. Aje na jibu polepole, mimi nipo."

Mzazi akikutuma, unakwenda. Nilimwacha amekaa. Nilipanda kile kilima nikisali kwa sauti na goti likiwaka moto, na sikugeuka nyuma, maana kwenye matope ukigeuka unaanguka.

Kilichotokea shuleni alinisimulia Anord. Zakia alifika hana pumzi, akapenya kati ya watu hadi kwa Maalim, na kabla ya yote akasema, "Shikamoo, Maalim." Hata pale. Maalim akaitikia marahaba. Kisha akauliza: mjane aliye edani, nyumba yake ikitaka kuanguka, anaruhusiwa kutoka? Maalim alimkodolea macho. Anord anasema uso wa mzee ulibadilika kama mtu aliyepigwa.

"Anaruhusiwa," alisema. "Anaruhusiwa, mwanangu, mbona hilo linajulikana? Hatari ikiingia anatoka, anamalizia eda mahali penye salama. Yuko wapi? Bado yuko ndani?"

Alianza kukimbia kabla hajajibiwa, mzee wa umri ule, amekusanya kanzu mkononi. Nilikutana nao nusu ya njia. Zakia alikuwa mbele. Maalim, aliponiona, alipiga kelele juu ya bega la Zakia, "Ruhusa ipo, ruhusa ipo," kana kwamba mimi ndiye niliyeiomba. Nilikuwa nimefungua mdomo kutoa ujumbe wangu wa kushuka polepole.

Ulikuja mngurumo, si mkubwa kama nilivyotarajia. Kama lori linalomwaga mawe. Nilipogeuka, shamba langu la karoti lilikuwa linashuka likiwa zima, mistari yake imenyooka, na likaipitia nyumba ya Bi Zainabu na nyumba mbili jirani, na likaendelea mpaka kwenye kijito. Kisha pakawa kimya na harufu ya udongo mbichi. Zakia hakulia. Alikaa chini kwenye njia, akaweka viganja vyake juu ya kichwa, na Maalim akasimama kando yake akirudia neno lile lile, anaruhusiwa, anaruhusiwa, mpaka Anord alipomshika bega akanyamaza.

Tulimchimbua kesho yake. Majembe ya Waislamu na Wakristo, hakuna aliyeulizwa. Tulichimba pale nyumba ilipokuwa, kwenye chumba chake, na hatukumkuta. Tulimkuta mbali na hapo, kando ya njia ya kupanda shuleni, chini tu ya migomba yangu. Alikuwa amejifunika kanga yake nyeusi mpaka usoni, na miguuni alikuwa amevaa mabuti ya mvua ya Mzee Hashimu.

Wengine hawakuelewa walichokiona. Mimi na Zakia tulielewa. Hakutupwa pale na udongo. Udongo hushuka, na pale palikuwa juu kuliko nyumba yake. Alikuwa amefika hapo kwa miguu yake. Alikuwa anapanda.

Wapo wanawake walionong'ona msibani kwamba maskini, amekufa nje, amevunja eda ikiwa imebakia wiki. Nilitaka kumpiga mtu. Maalim alinitangulia. Makaburini, kabla ya dua, alisimama mbele ya watu wote na machozi yakimtiririka ndevuni, akasema marehemu hakuvunja kitu. Akasema ruhusa yake ilikuwepo tangu siku ya kwanza ya eda, na kwamba ilikuwa kinywani mwake yeye, na hakuitoa. Kisha akashindwa kuendelea na dua ikasomwa na mwingine.

Baadaye walikuja wakubwa na magari yao. Waliangalia lile kovu la mlima, wakapiga picha, wakamsifu Zakia mbele ya kadamnasi. Mmoja alisema Kwemsasa ni mfano wa kuigwa, kitongoji kizima kimeokoka, kifo kimoja tu. Huyo bwana ni mtu mzuri, alituletea mahema na mablanketi. Lakini ile "tu" yake imenikaa kooni mpaka leo. Zakia alishukuru, akawakaribisha chai.

Watu walidhani ataivua filimbi. Hakuivua. Sasa mwanamume Mwislamu akifariki katika vitongoji hivi vyetu, hata kule bondeni, Zakia anakwenda na Maalim. Maalim akishamaliza kueleza eda, Zakia anaingia nyuma ya pazia, anaketi na mjane, anamwambia kwa maneno yasiyozunguka: mlima ukisogea, moto ukiwaka, maji yakija, toka, umeruhusiwa, usimngoje mtu akuambie. Anamfanya ayarudie. Wajane wengine humshangaa, maana macho yao bado yamevimba kwa msiba na huyu mtu anawazungumzia mafuriko. Anavumilia mpaka wayarudie.

Serikali ilitugawia viwanja karibu na shule. Shamba langu liliishia kijitoni, kwa hiyo tunalima pamoja, mimi na yeye, kipande chake cha upande wa pili. Tunaongea mambo ya bei na ya watoto. Kisha, bila kutarajia, anasimamisha jembe.

"Marta, ulipotoka alikuwa amekaa?"

"Alikuwa amekaa."

"Mabuti alikuwa hajayavaa."

"Alikuwa peku."

Ameniuliza hivyo sijui mara ngapi, nami hujibu kama mara ya kwanza. Mwanzoni nilidhani inamtuliza kujua kwamba mama yake aliinuka mwenyewe, kwamba hakumkataa, alikuwa anamfuata kama siku zote za zoezi. Nilimwambia hivyo wiki iliyopita, nikidhani namfariji. Nilimwambia, mama yako alikuwa anakuja kwako.

Zakia aling'oa karoti, akaipangusa udongo kwa kidole gumba, muda mrefu.

"Ndiyo," alisema. "Na mimi nilikuwa nimekwenda kumtafutia ruhusa. Ningekaa naye pale kitandani nikalia naye kidogo, angeyavaa yale mabuti mimi nikiwepo, tukapanda wote."

Nilimsogezea kikapu akaiweka karoti, tukaendelea na mstari mpaka mwisho wa shamba.